Tuhesabu Sufuria, Tusihesabu Makabila

Hotuba kwa kamati za msaada za kartie (mitaa), iliyotolewa Ndosho, Goma, mashariki mwa Kongo

Jambo yenu wote. Wazee wa avenyu, wakuu wa nyumba kumi, wamama wa shirika na wa makanisa yote, ndugu zetu Waislamu, wababa, vijana wa chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, ambao mmebeba mifuko yetu mara nyingi bila kudai hata franka moja, na ninyi mliotufikia kutoka Masisi, Rutshuru, Kalehe na hapa jirani Nyiragongo: karibuni, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu asubuhi hii. Najua mama akifunga meza yake sokoni nusu siku, jioni watoto wanaliona pengo lake kwenye sahani. Kwa hiyo nitasema yale yenye kazi tu.

Nimeombwa nizungumze kuhusu mgao wa chakula katika avenyu zetu. Ombi langu ni moja, na mengine yote yanatoka humo. Orodha yetu ianze na sufuria. Tukiingia katika nyumba tuulize: hapa mnapika sufuria ngapi, na wanaokula humo ni wangapi? Kisha tuwaandike wote pamoja, mwenye nyumba na aliyemfikia. Tuachane na ile orodha inayomchomoa mgeni kutoka nyumba aliyolala, ikampa mfuko wake peke yake, na aliyempa mkeka wa kulalia asipate hata kijiko cha chumvi.

Wako watakaosema: msaada umeletwa kwa ajili ya waliokimbia, wenyeji wana kwao. Naelewa neno hilo, nimelisikia kwa watu wenye moyo mzuri. Ila hebu tutazame jinsi mji huu ulivyoishi.

Goma ni mji wa kukimbia na wa kukimbiliwa. Julai 1994 mamia ya maelfu ya watu kutoka Rwanda walivuka mpaka kwa siku chache, wakalala juu ya mawe ya volkano, na kipindupindu pamoja na kuhara damu vikaua karibu watu 50,000 katika mwezi wa kwanza. Januari 17, 2002 Nyiragongo ikapasuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na safari hiyo ni sisi tuliobeba magodoro kichwani kuelekea Gisenyi na Sake. Mei 22, 2021 mlima ukarudia. Lava ikaishia Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Ardhi haikutulia, na tarehe 27 ikatoka amri kwamba watu wa kartie 10 kati ya 18 za mji waondoke. Tulikwenda wapi? Wengine walishika njia ya Rutshuru, wengine wakapanda boti za Bukavu, wengine wakavuka mpaka. Lakini wengi wetu tulikwenda Sake na Minova. Makanisa ya Sake yalijaa, shule zikajaa, halafu nyumba za watu zikajaa.

Familia yangu ilipokelewa na mama mmoja muuza viazi ambaye hakuwahi kutuona hata siku moja. Alitupa chumba cha watoto wake, watoto akawalaza sebuleni. Viazi alivyokuwa apeleke sokoni akavipika. Tulipokuwa kwake, watu wa msaada walipita wakauliza nani ametoka Goma, wakatuandika sisi. Yeye hakuulizwa jina. Tulipopata unga tulimpa nusu, na alilia, kwa sababu akiba yake yote ya mtaji ilikuwa imeshaingia tumboni mwetu.

Februari 2024 vita vilipokaribia Sake, watu wale wale walishika barabara ya kuja kwetu, magodoro kichwani kama sisi. Anayebisha hodi Ndosho akitoka Sake ni mwenyeji wetu wa mwaka 2021. Na kesho, Mungu apishe mbali, huenda ni sisi tena. Kwa hiyo mimi siamini kwamba hapa kuna kundi la wanaotoa na kundi la wanaopokea. Kuna watu wa eneo moja, chini ya mlima mmoja na vita vilevile, wanaopokeana kwa zamu.

Kulikuwa na kambi, mnazikumbuka: Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo. Januari 2025 vita viliingia mjini kwenyewe, na Februari kambi zikavunjwa. Wengi walirudi vijijini. Baadhi yao walikuta nyumba zimebomolewa, mlango umeng'olewa, mbegu imeliwa, wakageuza njia wakarudi. Sasa hawana turubai la kuonekana kutoka barabarani. Wako katika vyumba vyetu vya nyuma, sebuleni, kwenye vibanda vya mbao tulivyojengea kuku. Na hata zamani za kambi, nchini mwetu sehemu kubwa ya waliokimbia ilikuwa kwenye familia. Kambi ndiyo iliyopigwa picha. Familia ndiyo iliyobeba mzigo.

Viongozi wa Afrika waliliona jambo hili. Mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu wakimbizi wa ndani, uliopitishwa Kampala Oktoba 2009, unataka msaada uwafikie waliohama, na pale inapofaa ufike pia kwa jamii zinazowapokea. Imeandikwa. Mtu akikuambia kwamba kumwandika mwenyeji ni wizi wa msaada, mwambie kwa upole kwamba mkataba wenyewe umemtaja.

Sasa twende jikoni. Chukua nyumba ya kawaida ya Ndosho: baba, mama na watoto watano, watu 7. Dada wa mama anafika kutoka Masisi na watoto watano. Watu 13, sufuria moja. Wataalamu wa misaada wanahesabu kalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Unga wa mahindi gramu 400 unampa mtu kalori kama 1,400. Zinazobaki zitoke kwenye maharagi, mafuta na mboga. Watu 13 kwa gramu 400 ni kilo 5 na zaidi kidogo za unga kila siku.

Orodha ya zamani inawaandika wale 6 tu. Inaleta unga kilo 2 na gramu 400 kwa siku, na inajihesabu kwamba imemaliza kazi. Lakini mama gani wa hapa atapika fufu ya watoto wa dadake, awaambie wake watazame ukutani? Atamimina wote katika sufuria moja. Gawanya: ni gramu 185 kwa kila mdomo, hata theluthi ya kalori za siku haifiki. Mtaniambia mwenyeji naye ana chakula chake. Alikuwa nacho. Mume alikuwa akibeba mizigo bandarini Kituku, mama akiuza mafuta ya mawese kwa kikombe. Mabenki yalipofunga milango Januari 2025, fedha taslimu ikawa adimu, wateja wakapungua, na ule mtaji mdogo ukaanza kuliwa. Mnayaona wenyewe: mwenyeji na mgeni wanatofautiana kwa mwezi mmoja au miwili tu. Tukimwacha mwenyeji aanguke, wataanguka 13, na mgeni atatafuta mlango mwingine wa kubisha.

Nimewahi kusikia mgeni akifukuzwa na watu waliompenda. Si kwa chuki. Mama alisema, "Dada, siwezi tena, nenda unakoandikwa." Maneno hayo yalitoka kwa sababu mgeni alikuwa na jetoni ya kupokelea mgao na yeye hakuwa nayo, na kila siku ya mgao ilikuwa siku ya ugomvi ndani ya nyumba ile. Orodha mbaya huvunja undugu ambao vita havikuweza kuuvunja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, na ndiyo sababu nimesimama hapa.

Jambo la pili ni moto. Tunatoa maharagi tukidhani tumetoa chakula. Maharagi makavu ni chakula baada ya saa mbili tatu za moto, na moto wa Goma unanunuliwa. Mama asiye na makala, yaani makaa ya kupikia, anafanya moja kati ya mawili: anauza nusu ya maharagi kwa bei ya kutupa ili apate makala ya kupikia nusu iliyobaki, au anakwenda kutafuta kuni. Walioishi katika kambi za Bulengo na Rusayo wanajua ni nini kiliwapata wanawake na wasichana waliokwenda msituni kutafuta kuni. Wengi walibakwa. Walitoka kutafuta moto wa kupikia chakula ambacho watu wema waliwapa. Tafadhali, wanakamati, tangu leo maharagi yasitoke ghalani bila makala, au bila pesa ya makala. Kama fedha hazitoshi, tupunguze kipimo cha maharagi, murongo tatu ziwe mbili, na tofauti iwe makala. Na tuwakumbushe wamama kuloweka maharagi tangu jioni. Yanaiva upesi na makala yanabaki ya asubuhi.

Hesabu ileile ifanywe kwa mahindi. Mahindi ya punje yanapotolewa, mashine ya kusaga inadai. Mwenye mashine atachukua pesa au atachukua mahindi, na asiye na pesa anaondoka na mfuko uliopungua kabla hajafika nyumbani. Kununua unga uliosagwa ni ghali kidogo, lakini unafika wote kwenye sufuria. Au tuzungumze na mwenye mashine mmoja kwa kila kartie, tumlipe sisi kwa mwezi. Hilo vijana wanaweza kulipanga vizuri kuliko mimi.

Watoto wachanga wana hesabu yao. Chini ya miezi 6 ni ziwa la mama tu, kwa hiyo anayenyonyesha ndiye tunayemlisha. Baada ya hapo, uji wa masoso, mahindi na soya na mtama, ni bora kuliko uji mweupe, na viungo vyake vyote vinapatikana katika masoko yetu. RECO, wale wahudumu wa afya wa kujitolea wa kartie, wanao utepe wa kupima mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mkono ukipungua sentimita 11.5, ni nyekundu: mtoto aende kituo cha afya siku hiyohiyo, kesho ni mbali. Kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, apimwe tena upesi na uji uongezwe. Na msidanganywe na mtoto aliyevimba akaonekana mnono. Bonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, hesabu hadi tatu. Shimo likibaki, apelekwe bila kujali utepe unasema nini.

Nataka niwaonyeshe jambo ambalo RECO mmoja aliniita nilione. Mtoto wa mgeni alikuwa amepewa pakiti za Plumpy'Nut, zile za karanga za kutibu utapiamlo, na hakuwa akiongezeka uzito. Kituoni walimkaripia mama, wakisema anauza. Tulipokwenda nyumbani tulikuta pakiti moja imekatwa, na watoto wanne wameketi kwenye mkeka wakipokezana, kila mmoja ananyonya kidogo, wadogo wakianza. Wawili walikuwa wa mwenye nyumba. Yule mama alisema, "Nitamficha wapi?" Kweli, katika chumba kimoja utamficha wapi mtoto anayekula? Dawa ya mtoto yule ilikuwa kumpima na kumwandika mtoto wa mwenyeji. Alipopimwa alikuwa njano. Baada ya nyumba nzima kupata uji, pakiti zikarudi kwa mwenyewe.

Nimeongea sana kuhusu chakula. Anayefika mjini anahitaji pia kuoneshwa mji, na kazi hiyo hailipiwi na shirika lolote, ni yetu. La kwanza ni maji. Aliyezoea chemchemi ya milimani Masisi haujui mji uliojengwa juu ya jiwe la lava, ambako hata kuchimba choo ni vita. Anaona ziwa kubwa, anachota, anakunywa. Kila nyumba ichague mtu wa kumpeleka mgeni siku ya kwanza, tena kwa miguu: hapa ni bomba, hapa ndipo wanapotia klorini ndani ya bidoni (dumu) pwani, usiondoke kabla hawajatia, na kabla ya kunywa subiri dakika 30. Kipimo cha kawaida ni lita 15 kwa mtu kwa siku. Ile nyumba ya watu 13 inataka karibu bidoni 10 za lita 20. Mgawane safari, zisiwe za msichana wa mgeni peke yake kila alfajiri. Na kuhara kukianza, kila mmoja ajue mchanganyiko huu kwa moyo: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi; mgonjwa anywe huku anapelekwa kituoni.

La pili ni mazuku. Hili nawaomba wazee wa Mugunga na Lac Vert mlifundishe bila kuchoka. Mgeni anatafuta mahali pa kupiga kibanda, anaona shimo lililokingwa na upepo, nyasi laini, anashukuru Mungu. Hajui kwamba gesi ya mlima, nzito kuliko hewa, inakaa humohumo mabondeni, haina rangi wala harufu, na usiku usio na upepo inapanda hadi usawa wa aliyelala chini. Anayekufa kwanza ni mtoto, kwa sababu kichwa chake kiko karibu zaidi na udongo. Mkiona ndege au mbuzi amekufa bondeni bila jeraha, msishuke kumchukua. Mgeni asilale mahali ambapo mzee wa avenyu hajapapita na kusema hapa ni salama. Hata kama ni saa nne za usiku, mzee aamshwe.

Nyumba ya kupanga. Sheria namba 15/025 ya Desemba 31, 2015 inasema garanti, yaani amana anayotoa mpangaji, ya nyumba ya kuishi isizidi miezi mitatu. Wenye nyumba mko hapa, na baadhi yenu mnadai sita. Siwatukani, mnajua bei ya mbao na bati. Lakini mtu aliyekimbia na watoto, anayedaiwa garanti ya miezi sita kwa dola, mmemwambia abaki kwenye sakafu ya jirani yenu mwaka mzima. Ninaomba tufanye hivi: AVEC za wamama, vile vikundi vya kuweka na kukopa, zinazotaka ziweke sanduku la garanti. Mgeni anayeanza kupata riziki akopeshwe mwezi mmoja wa garanti, mwenye nyumba akubali miezi miwili iliyobaki ilipwe polepole, na mkuu wa nyumba kumi atie sahihi kama shahidi. Mliojaribu mmeona kwamba wageni hulipa. Mtu aliyepoteza kila kitu hulinda sana jina lake.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hapa mjini jembe halina shamba. Jembe la Ndosho ni beseni la nyanya, ni bidoni ya mawese ya kuuza kwa kikombe, ni chukudu ya kukodi kwa siku. Dada yule wa Masisi anajua kutengeneza jibini, anajua viazi na maharagi kuliko sisi sote. Aulizwe anajua nini kabla hajaulizwa anakosa nini. Wakati mfuko wa unga unapomfikia, awe tayari na mtu wa kumpeleka Alanine au Kituku kumwonyesha wanapouza kwa jumla, na nani ni mkweli.

Kuhusu shule nitasema kwa kifupi: elimu ya msingi katika shule za serikali ni bure tangu Septemba 2019, na mtoto aliyepoteza buletini (ripoti ya shule) njiani apokelewe, apimwe na mwalimu, akae darasani. Wakurugenzi wengi wanakubali mzazi akienda na mkuu wa nyumba kumi. Basi nendeni naye.

Sasa narudi kwenye daftari, maana hapo ndipo ninapoogopa. Nimeona orodha zenye safu ya kabila. Sijui nani aliianzisha, lakini iko, na watu wanaijaza bila kufikiri. Naomba ifutwe leo, kwa kalamu, mbele yetu wote. Katika nchi hii tumezika watu kwa sababu ya karatasi iliyosema wao ni nani. Njaa ya Mhunde, ya Mhutu, ya Mtutsi, ya Mnande, ya Mshi, ya Mnyanga inapimwa kwa utepe uleule. Daftari liandike namba ya nyumba, idadi ya wanaokula, watoto wa chini ya miaka 5, wajawazito na wanaonyonyesha, wazee na wagonjwa, na kama kuna makala. Kijiji alichotoka mtu kiulizwe na yule anayemsaidia kutafuta ndugu zake, basi. Kisiandikwe pengine.

Majina yasibandikwe ukutani. Najua mnataka uwazi, nami nautaka. Lakini hamjui nani atasoma ukuta ule usiku. Kinachobandikwa ni namba: iliingia mifuko mingapi, ilitoka mingapi kwenda nyumba ngapi, imebaki mingapi, nani amelinda ufunguo. Hizo zisomwe pia kwa sauti kila baada ya ibada na kila baada ya sala ya Ijumaa, ili hata asiyejua kusoma aweze kuuliza. Swali likiulizwa, lijibiwe palepale. Mjumbe atakayekasirika kwa kuulizwa aache ufunguo.

Na tuseme lile ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona. Kuna wanaume waliowaomba wanawake miili yao ili waandikwe jina. Kuna wenye nyumba waliomfanyia msichana wa mgeni hivyo hivyo. Mwanamke hadaiwi chochote kwa chakula, wala kwa kulala. Kwa sababu hiyo mgao ufanywe mchana, mahali pa wazi, na wanaopima wawe wamama. Kila avenyu iwe na wamama wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mgeni, ambao msichana anaweza kuwaendea bila kupitia kwa mwanaume yeyote wa kamati. Aliyebakwa apelekwe hospitali kabla ya saa 72 kwisha, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI inafanya kazi ikianza ndani ya muda huo. Mengine ya sheria yatafuata. Hayo ya saa 72 hayasubiri kikao.

Mtauliza vitatoka wapi vyote hivi. Maghala ya chakula ya mashirika yaliporwa hapa mjini mwisho wa Januari 2025, na mwaka huohuo Marekani, iliyokuwa inalipia sehemu kubwa kabisa ya misaada nchini mwetu, ikakata fedha zake. Malori yanayokuja ni machache kuliko mnavyokumbuka. Tutaendelea kuyadai, kwa sababu ni haki ya watu, na wajumbe wetu wataendelea kukaa kwenye mikutano yao wakiwa na hesabu ya sufuria mkononi. Lakini wakati tunayangojea, kuna lile tunalofanya tayari: murongo mmoja wa unga kwa kila mama anayeweza, kila Jumamosi, samaki wadogo wa sambaza kutoka kwa wavuvi wanaotupunguzia bei jioni, sombe na lengalenga kutoka kwa walio na kibustani, makala kutoka kwa wauzaji wawili ambao wamekubali kutukopesha. Nimewaona wamama wasio na kitu wakileta nusu murongo, wakiomba radhi kwamba ni kidogo. Msiombe radhi. Mmelisha watu.

Kazi inaanza Jumatatu. Kila kundi litakuwa na watu watatu: mkuu wa nyumba kumi, mama mwenyeji, na mtu mmoja miongoni mwa wageni, aliyechaguliwa na wageni wenyewe, mwenye neno sawa na wenzake wawili. Mtapita nyumba kwa nyumba wakati wa kupika, kwa sababu saa hiyo sufuria haidanganyi. Mkikuta nyumba yenye wageni ambayo haimo katika orodha ya zamani, andikeni. Mkikuta nyumba isiyo na mgeni lakini moto haujawashwa tangu jana, andikeni pia. Daftari mpya ziko hapa mezani, hazina safu ya kabila. Wa Mugunga waanze kuchukua, kisha Lac Vert, kisha sisi wa Ndosho.